Bolti Iliyo Nyuma ya Mgongo wa Shangazi

Chumba cha Mafundi,
S.L.P. 418.
9 Juni.

Mpendwa binamu,

Salamu tele. Shemeji mgongo umepona? Pacha wameacha kukohoa? Huku tu wazima. Shangazi, mama yako, hajambo kabisa: bado anapiga pasi hapa kiwandani na bado ananisema kwamba nimekonda. Mgonjwa ni mimi, na ugonjwa wangu ni kinyaa.

Unalikumbuka kabati la umeme nyuma ya meza yake. Wiki iliyopita bosi, huyu tunayemwita Mtanashati, alikuja kulikagua kwa kamera inayopima joto, maana humo ndani bolti moja inayobana nyaya imelegea na inaweza kuwasha moto. Sakafu ilikuwa na mafuta na yeye ana viatu vipya, basi akapiga picha akiwa mlangoni. Hata lenzi hakuilenga; picha ukungu mtupu. Akasoma nyuzi arobaini na nne.

"Safi. Saini hapa, fundi."

Binamu, bolti hiyo ni ndogo kama ncha ya kidole. Kwa umbali ule, nukta moja ya picha inabeba bolti pamoja na bati baridi linaloizunguka, halafu inatoa wastani. Ule ukungu nao unalitawanya joto lenyewe. Ni kama kumimina kijiko cha chai ya moto kwenye ndoo ya maji, kisha uape kwamba chai ilikuwa vuguvugu. Nikasogea karibu, nikalenga vizuri: mia moja na kumi na nane!

"Usipige karibu, unaniharibia ripoti," akasema. "Ijumaa nina wageni."

Nikasaini. Ndiyo, mimi. Mama yako alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, anapiga pasi huku akiimba.

Siku tatu nilikwepa kupita mbele ya meza yake. Leo asubuhi nimezima swichi kuu na kuitia kufuli. Pasi zote zimepoa, na Mtanashati anafoka, palepale mlangoni. Kwetu mafundi, aliyefunga ndiye anayefungua. Akitaka kulikata kufuli, alikate mbele ya watu wote.

Nisalimie shemeji, uwabusu pacha. Mungu awaepushe na moto, na watu wasiotaka kusogea karibu.

Hicho kigumu unachokigusa ndani ya bahasha ni ufunguo wa lile kufuli. Najijua, nilishalegea mara moja. Usinirudishie hata nikikulilia, mpaka mama yako mwenyewe akwambie ameiona bolti mpya.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye na kuona haya,
Fundi