Kijiti cha kupimia maji

Jumatano, baada ya Alfajiri

Kosa la wengi wetu ni kungoja maji yapungue ndipo tutulie. Jana niliswali Adhuhuri huku jicho likichungulia mlangoni, kwenye kijiti nilichokichomeka shambani kupima mafuriko. Nilipotoa salamu, mke wangu akacheka: "Mwalimu mzima! Rakaa tatu badala ya nne?"

Nikafunga mlango, nikaswali upya. Katika sijida nilimwambia Mungu waziwazi kwamba naogopa njaa.

Nilipotoka, maji yalikuwa yamepanda kidole kingine. Mpunga huenda ndiyo basi tena. Lakini nililala usiku kucha, mara ya kwanza tangu mto ufurike. Siwezi kueleza zaidi ya hapo, ingawa napenda kueleza.

Leo Adhuhuri ikiingia, funga mlango kwanza.