Viatu vya Baba Yako Mlangoni

Mwanangu,

Hatujambo, mapazia ya sebuleni nimeyafua. Juzi nilikwenda na wenzangu wa kikundi kuitazama filamu yako. Yule mke alipoviweka mlangoni viatu vya mume aliyemkimbia zamani, ili wageni wadhani bwana amelala ndani, ukumbi mzima ulicheka. Kumbe miaka yote ulikuwa unaniona nikivipaka rangi vya baba yako!

Nikasimama. "Huyo ni mimi! Na aliyeitengeneza nimemzaa mwenyewe!"

Jirani yetu, mke wa daktari, akanivuta mkono, akaninong'oneza: "Wangu mwaka wa tatu huu hayupo. Kila Jumamosi naanika mashati yake."

Viatu nimempa fundi bomba. Mlangoni sasa pana vyangu tu.

Mama yako, kifua mbele.