Uso Langoni

Al Mansoura, Doha
9 Mei 2025

Kwako Mama,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetufikisha mwezi huu. Mimi ni mzima, ni joto tu limeanza kututafuta. Magoti yako je? Na Cheryl wangu, ambaye umenilelea mpaka amekuwa mtu wa kuposwa, bado anakusumbua na mambo ya harusi? Barua hii nimempa Millicent, anakuja likizo. Haya siwezi kuyasema kwa simu, maana simu yako hata majirani huisikia.

Mama, wacha nikueleze kioja. Katika hili jengo ninalolinda kuna mama mzee, Radka, Mbulgaria. Wabulgaria ni watu wa Ulaya, wamepakana na Waturuki na Wagiriki. Binti yake ni nesi hapa, ndiye alimleta akae naye. Basi juzi napanda ngazi kukagua, nikaona mlangoni pake karatasi: picha ya mwanamume mwenye masharubu, msalaba juu, ukingo mweusi, na maandishi nisiyoweza kuyasoma. Mudiri, yaani msimamizi wa jengo, hataki kitu mlangoni. Lakini ningeibanduaje? Nikajua mama wa watu ndiyo kwanza amefiwa, na huku hana ukoo.

Nikawaambia wenzangu. Ijumaa, siku ya mapumziko huku, baada ya ibada ya kanisani kule Mesaimeer tukaenda, mimi, Tony, Millicent na Carolyne, na mkate, maziwa na sukari, kama kwetu. Alipofungua tukampa pole, tukaomba, tukaimba kwa sauti ya chini, si unajua ni nchi ya watu. Mama Radka akasimama tu, mkono kifuani. Halafu binti yake akatuuliza kwa upole, "Samahani, mnajua baba alikufa miaka kumi na miwili iliyopita?"

Tony akasema, "Basi leo hata kwa Wakenya tumechelewa."

Yule mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, kisha akatushika mikono mmoja mmoja. Kumbe kwao familia hubandika karatasi ya marehemu mwaka hadi mwaka: mlangoni, langoni, kwenye mti, hata kwenye kituo cha basi. Anasema vijana wao wamehama kama sisi tulivyohama, vijiji vingine vimebaki vitupu, lakini ukipita kwenye nyumba isiyo na mtu, uso wa mwenyewe bado unakuangalia pale langoni.

Akatuletea ngano iliyochemshwa, ukiiona utasema ni muthokoi wetu wa mahindi yaliyokobolewa, ila imetiwa sukari. Alikuwa ameipika kwa ajili ya mumewe, Dimo, na hakuwa na wa kumpa. Ukipokea unasema, "Mungu amsamehe." Nikamuuliza, "Kwani alifanya nini?" Akasema, "Huwa hatuulizi. Husemwa kwa kila mtu."

Hapo nikamkumbuka Collins. Ndugu yangu amelala nje ya ua, hakuimbiwa, na tangu ajitoe uhai hakuna mtu nyumbani aliyesema neno hilo juu yake. Mama, naomba tumbandike langoni. Karatasi nitaituma mimi.

Ni mimi mwanao,
Herbert


Kibwezi
2 Juni 2025

Mwanangu Herbert,

Salamu zimefika, na sabuni pia, inanukia mpaka mbuzi wananifuata. Magoti ni yale yale: kuinama kanisani yanakubali, kupanda kilima yamekataa. Huo msiba wenu wa miaka kumi na miwili umenichekesha hadi Phoebe wa ng'ambo ya mto akaja kuuliza kuna nini.

Lakini hilo la pili usiniletee. Unataja jina lile kama unaomba chumvi. Wazee walisema azikwe kimya, mchungaji akasema hana la kusoma, nami nikanyamaza. Cheryl anaposwa na mtoto wa Mzee Njenga, Mkikuyu mwenye heshima zake. Wanakuja hapa Novemba. Unataka wafike langoni wakute nini? Wakigeuka wakarudi na mbuzi wao, nani atamwoa binti yako? Hao Wabulgaria wabandike wao, hawana la kuficha. Sisi tunalo.

Kula vizuri. Usiache kuomba.

Mamako


Al Mansoura
20 Juni 2025

Kwako Mama,

Amani ya Mungu ikae nawe. Hapa tunapikwa na jua, lakini tu hai. Nimekusikia na sikubishii. Nakusimulia tu, maana jambo hili nikikaa nalo peke yangu litanipasua.

Nilimwambia Mama Radka kuwa umekataa. Hakukulaumu. Akanieleza habari za jirani yao, Mehmed. Kijijini kwao Wakristo na Waislamu wenye asili ya Kituruki waliishi ua kwa ua. Mayai mekundu ya Pasaka yalivuka kwenda kule, vitamu vya Idi vikavuka kuja huku. Karatasi za msiba zilikaa ubao mmoja, ukingo mweusi wa Wakristo, wa kijani wa Waislamu.

Halafu serikali ya kikomunisti ya wakati ule, miaka ya themanini, ikatuma askari, majira ya baridi, theluji kila mahali. Kila mwenye jina la Kiislamu akapewa jingine. Mehmed akaitwa Mihail. Mama, hata waliolala makaburini walibadilishwa majina! Mehmed akafa miaka hiyo hiyo, na karatasi yake ikaandikwa Mihail. Watu wakawa wanapita wakitazama viatu vyao.

Serikali ilipoanguka, watoto wake wakarudi kutoka Uturuki walikokimbilia, wakabandika karatasi mpya, ukingo wa kijani, jina lake lenyewe. Mtu aliyekwisha kuwa mchanga! Kijiji kizima kikatoka, Wakristo kwa Waislamu, kana kwamba amekufa asubuhi hiyo. Dimo akalisoma lile jina kwa sauti, akarudia, akarudia, mpaka wanawake wakaanza kulia. Mama Radka anasema, "Mara ya kwanza alikufa kwa serikali. Mara hii alikufa kwetu."

Nilirudi kwenye zamu yangu nikasimama kama mlingoti. Binadamu ananyang'anywa hata jina la maiti wake, na bado analirudisha. Mungu ana watu wake, Mama, pembe zote za dunia.

Karatasi hii ya Collins tuliitengeneza na Mama Radka, duka la fotokopi hapa mtaani. Ukingo ni bluu; anasema kwao ni wa kijana aliyekufa bila kuoa. Sikuagizi uibandike. Iweke tu ndani ya Biblia. Tony amemaliza mkataba, ndiye atakuletea.

Mwanao,
Herbert


Al Mansoura
29 Agosti 2025

Mama,

Natumaini u mzima. Kwa simu unanisalimia, unanipa habari za mbuzi, unakata. Tony anasema bahasha alikupa mkononi. Kama nimekukosea, sema, nije nipige magoti. Mama Radka akishuka huniuliza, "Mama amesema nini?" Namjibu, bado.

Mwanao anayengoja,
Herbert


Kibwezi
24 Novemba 2025

Mwanangu,

Sisi tu wazima, na wewe Mungu akufunike. Wageni wamekuja wakaenda, sasa nina nafasi ya kushika kalamu. Carolyne anarudi huko, atakuletea hii.

Ile karatasi niliiweka chini ya godoro. Kwenye Biblia niliogopa, nisije nikatafuta Zaburi nikamkuta yeye. Siku moja natandika, ikateleza, akanitazama. Yule mtoto alikuwa na meno mazuri, Herbert. Nilikuwa nimesahau meno yake. Nikakoroga unga wa kugundishia, nikaenda langoni kabla sijabadili nia. Ilikuwa wiki ile ile ya wageni. Cheryl akalia, akasema nimemharibia. Nikamwambia, "Atakayekuoa atapita mbele ya baba yako mdogo."

Phoebe alisoma akasema lile neno lenu, "Mungu amsamehe," maana nilikuwa nimemfundisha. Wengine walipita kama vipofu.

Njenga akaja na watu wake. Akasimama pale langoni akisoma kwa kidole, tarehe na yote. Mimi niko mlangoni na sufuria ya moto, nikasahau inaniunguza. Akaingia. Akala. Mahari ikazungumzwa, hakugusia kitu. Nikasema moyoni, ni adabu tu, atakataa akifika kwake. Wakati wa kuondoka akanivuta kando. "Mama Herbert, yule kijana alikufaje?"

Nikamwambia. Kwa mdomo wangu sikuwa nimewahi kulisema.

Akachezea kifungo cha koti. Halafu akasema, "Mimi nilikuwa na kaka, Philip. Alikufa vilevile. Baba yetu amekwenda kaburini bila kumtaja."

Harusi ni Aprili. Uombe ruhusa mapema.

Sasa nisikilize. Mvua imenyesha wiki nzima, imemfuta Collins uso. Umebaki ule ukingo peke yake. Tuma nyingine, na umwambie yule wa duka aitie plastiki. Utume na ya pili. Picha kaileta Njenga, imo humu ndani, ni ya zamani, sikio moja limekatika, mwone hivyo hivyo. Jina liandikwe lote: Philip Mbugua. Na umuulize Mama Radka, huyu alikuwa ameoa: ukingo wake uwe rangi gani?

Mamako