Kwa Nyangeta, Aliyesimama Chini ya Pete

Nyangeta rafiki yangu,

Nimekasirika, na hasira zenyewe sina pa kuzipeleka ila kwako. Na wewe umo. Usidhani kwa kuwa umekufa nitakuonea haya.

Nianze na mazishi yako. Tulikuzika Kisesa, kwa mama yako, jua linachoma kwelikweli. Afisa utamaduni akasimama kusoma wasifu wako. Unajua alisema nini? Alisema marehemu alicheza mpira wa pete timu moja na Kabula Sindano. Basi! Miaka yote ile, tangu tukiwa wasichana wa kiwanda cha nguo, wewe umekuwa mtu aliyecheza na mimi. Watu wakageuka kunitazama. Kuna jitu zima likanipungia mkono, na jeneza lako lipo palepale. Nilitamani kulirukia.

Halafu mama yako akanivuta pembeni. Nikampa shikamoo, hata hakuitika. Akauliza, "Kabula mwanangu, hivi mwenzio alikuwa anafanya kazi gani humo kiwanjani? Wewe ulikuwa unafunga. Yeye je?" Mama wa watu hakuwahi kutuona tukicheza hata siku moja. Ningeanzia wapi kumweleza? Goli likiingia kila mtu analiona. Lile ambalo halikuingia nitamwonyeshaje? Nikabaki nimeshika mkono wake, machozi ya hasira yananitoka.

Na wewe nawe! Tukishinda, nabebwa mimi juujuu, wewe uko pembeni unakusanya mipira. Nikikuvuta uje mbele unasema, "Niache bwana, mimi nimeshashiba." Umeshiba nini, mwanamke wewe? Kiwanda cha nguo kilipopunguza watu, hawa wa kiwanda cha minofu ya sangara wakanichukua mimi ili nao wawe na timu ya kutambia. Nikamwambia meneja wao nina mlinzi wangu wa goli, tuje wote. Akacheka, akasema walinzi anao getini. Ukaishia kuanika dagaa mwaloni, kando ya ziwa, malaria ikakupanda kichwani, ukaondoka bila kumlaumu mtu. Basi mimi nawalaumu kwa niaba yako, wote!

Sasa sikia. Meneja huyohuyo akatangaza bonanza Jumapili iliyopita, pale Mirongo, la kukuenzi. Kukuenzi wewe! Gari la matangazo limezunguka mpaka Kiseke linapayuka jina langu: njooni mumwone Sindano akifunga. Jina lako likaja mwisho, kama chenji.

Nikaenda Kisesa mwenyewe kumchukua mama yako, nikamketisha mstari wa mbele. Kisha nikafungua mfuko wa vitambaa vya kifuani, vile vya kuonyesha nafasi ya kila mchezaji, nikakiacha kile cha mfungaji, nikavaa chako. Sheria unaijua: mlinzi wa goli hafungi, wala haruhusiwi kwenda mbele. Meneja akanyanyuka kwenye kiti chake, anapunga mikono kama anafukuza kuku. Mwamuzi akapuliza filimbi, tukaanza.

Mama wee! Nyangeta, ulikuwa unawezaje? Unamkumbuka yule mrefu wa timu ya walimu, uliyekuwa unamshindisha njaa mechi nzima? Alinimaliza. Nikiruka mapema, anasubiri nitue ndipo arushe. Nikitulia, keshafunga. Mabega yananiwaka, maana unatakiwa ukae mbali naye kidogo, mikono yote juu, na ukimgusa tu filimbi inalia. Mpira ukigonga chuma anauwahi yeye. Enzi zako ulikuwa unauwahi wewe, unamrushia wa katikati, wa katikati ananiletea, nafunga, napigiwa vigelegele. Magoli yangu yote yalianzia mikononi mwako, na kila nilipowaambia watu walidhani najishusha tu.

Watazamaji wakaanza kuzomea. "Sindano, rudi mbele!" Walikuja kukukumbuka, lakini hakuna hata mmoja aliyeita jina lako. Sikurudi. Tulifungwa mpaka aibu, na kila goli lilipoingia nilikuwa namtazama mama yako.

Filimbi ya mwisho ilipolia, akaja na khanga yake akanifuta jasho. Akauliza, "Yule mrefu, mwanangu alikuwa anamweza?" Nikamwambia, "Alikuwa anamweza, mama. Miaka yote." Akaitazama ile pete weee. Kisha akalia, Nyangeta, kilio ambacho kule kaburini hakikumtoka. Alikuwa anasema jina lako, na safari hii alijua anamlilia nani.

Jumatatu meneja kaniita ofisini. Ama nirudi mbele, ama nirudishe sare ya kiwanda. Sare nimeivua palepale nikamrushia mezani. Nitakula nini sijui, hilo tuliache.

Nenda salama, rafiki yangu. Lakini huko uliko, wakikuuliza ulikuwa unafanya nini duniani, usiwaambie umeshashiba. Sema! Na mimi huku nakuahidi, kuanzia leo mtu akiniita Sindano barabarani, namsimamisha kwanza, namwuliza kama anamjua Nyangeta. Kama hakujui, hapiti.

Mwenzio,
Kabula