Maneno ya Dalenda Ndani ya Insha Yangu

Yosr, nimefanya kitu kibaya. Usinipigie, nitalia.

Ustadha Mounira si alinisema kwamba nukuu zangu zimebandikwa kama viraka? Basi kwenye insha hii nikaweka moja ambayo haimo kabisa kwenye riwaya tunayoisoma darasani. Wala sikuitunga. Ni maneno ya Dalenda, aliyoniambia siku ya arobaini ya mama yake.

Leo Ustadha kaisoma mbele ya darasa zima: "Binti huyu, ambaye sasa 'hubisha hodi kabla ya kuingia jikoni kwa mama', amekuwa mgeni kwao." Akasema, "Mnaona? Nukuu ya Rim imeingia kwenye sentensi bila kujikwaa."

Dalenda alikuwa ameketi pembeni yangu. Pembeni yangu, Yosr.

Nikajua ameshanikamata. Akaninong'oneza, "Iko ukurasa wa ngapi? Nataka kumsoma huyo binti. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Nilidhani ni mimi peke yangu. Na mimi nikamtajia ukurasa. Akanishukuru.

Sasa namwona kupitia kioo cha maktaba, kitabu anacho, anafunua kurasa. Naingia kumwambia kabla hajafika ukurasa ule.