Pampu Niliyoifunga Nyuma ya Ufunguo

Alhamisi, Gatsata.

Kila waya nilioufunga ndani ya dashibodi ya mashua una lebo yake, na fyuzi zimepangwa mstari mmoja. Hata hivyo nimekosea. Pampu ya kutoa maji nimeifunga nyuma ya ufunguo, ipate umeme ufunguo ukiwashwa tu, kama redio ya gari. Nimezoea umeme wa magari: gari likizimwa, vyote huzimwa. Lakini mashua huvuja hata ikiwa imeegeshwa.

Nilipokumbuka jioni, nilimpigia Habimana, mwenye mashua, aliyekwisha kuishusha majini, Ziwa Kivu.

“Usiogope, Muzee! Kila kitu iko imezimwa, vile ulisema. Leo nalala humu ndani.”

“Washa ufunguo, mwanangu! Pampu haifanyi—”

Simu ikakatika. Tangu hapo haipatikani. Sijui kama alinisikia, au amelala kwa kuniamini.