Maiki ya Kanisa na Gitaa la Baba

Wote, Jumatano 11 Machi

Mdogo wangu Musyimi,

Wimbo wa Baba umekubaliwa. Bi. Nasima, mkuu wa vipindi hapa redioni, ameniambia leo asubuhi: "Gitaa kali hivi sijasikia miaka kumi."

Nyumbani kule Tulia mvua imenyesha na ng'ombe amezaa. Tulirekodi huko Jumatatu. Nyamai, fundi wetu wa sauti, alianza na maiki yake nyeti ya studio. Ilinasa kuku, ikanasa kinu cha posho, na Baba alipofungua amplifaya ikakwaruza. Nyamai akamwomba apunguze sauti.

"Gitaa likinong'ona nani atacheza?" Baba akamjibu. "Mama yako?"

Nikaazima kanisani maiki ya dainamiki, ile ya kuhubiria iliyobonyea kichwa. Tuliiweka vidole viwili kutoka kwa spika ya amplifaya, kando kidogo ya katikati. Kuku hawakusikika tena. Gitaa likatoka safi, na sauti haikupunguzwa.

Unajua Baba husalimia watu kwa majina katikati ya wimbo. Lako hajalitaja tangu uuze amplifaya yake ya kwanza, miaka sita sasa. Maiki hiyo haisikii mbali. Kwa hiyo aliondoka kitini, akapiga magoti mbele ya spika bila kuacha nyuzi, akasema: "Musyimi mwanangu, salamu zako hizi."

Nyamai alitaka kuikata sehemu hiyo ya salamu. Baba alikataa.

Wimbo utapigwa redioni Jumamosi hii, tarehe 14, saa nne asubuhi. Huko Kibwezi uliko tunasikika vizuri.

Dada yako,
Wayua